Maneno Tisa ya Wino wa Kijani

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba barua ya kwanza ilipokwenda. Hapana, nasema uongo. Sabini na saba ndio mwaka nilioajiriwa utarishi. Barua ya kwanza ni sabini na nane, maana nilikuwa nimeshapewa viatu vya kazi, na nakumbuka vilivyokuwa vikilia kwii kwii nilipoingia nayo kwa mkuu. Naam, sabini na nane.

Mwandishi wa barua ile alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ndiye ninayetaka kumsimulia, ingawa dada naye atajiingiza humu. Hakuwahi kungoja kukaribishwa.

Shemeji alikuwa fundi wa mihuri. Siku hizi mashine inakutolea muhuri kabla hujamaliza soda yako, lakini yeye aliichonga kwa mkono. Alikuwa na kipande cha mpira, wembe uliovunjwa nusu, sindano ya kushonea magunia na kioo kidogo cha kunyolea. Akichonga, ulimi unatoka pembeni ya mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Halafu anapuliza vumbi la mpira, anagonga juu ya wino, anagonga juu ya karatasi, na neno linasimama wima. Herufi za muhuri lazima zichongwe kinyume, na kwa kuwa ndiyo kazi yake tangu ujana, alizizoea hivyo hivyo. Ukimpa gazeti analisoma polepole, anasitasita. Liweke mbele ya kioo, analitiririsha kama maji. Watu wakamwita Kinyume, naye akaitika.

Kiingereza hakukijua. Alikichonga tu. Ofisi zote za mji ule zilimpa kazi, na ukitazama daftari lake la maagizo utadhani mji mzima hauna linalowezekana: imefutwa, imekataliwa, si halali, haifai, yote kwa Kiingereza. Aliwahi kuniambia, "Shemeji, tangu nianze kazi hii sijaona mtu anaagiza muhuri wa kusema ndiyo. Ndiyo wanaisema kwa mdomo, ili kesho waikane."

Dada na Kinyume walikaa kwenye safu ya vyumba sita, katikati ya mteremko. Juu kabisa ya mteremko ilikuwa nyumba ya mkuu wa ofisi ya maji, ile ofisi niliyokuwa tarishi wake. Bomba la mji lilitoka kwenye tangi la kilimani, likafika kwenye geti lake, likakoma hapo. Chini kabisa, kando ya soko, palikuwa na bomba la watu wote, lililoletwa kwa njia nyingine, lenye foleni. Kwa hiyo dada na wenzake waliteremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo zilizojaa, asubuhi na jioni, na kila wakiinua macho wanaona maua ya mkuu yananyweshwa kwa mpira.

Barua ya shemeji ilikuwa fupi. Naijua kwa moyo kwa sababu niliibeba mara tisa: "Maji hushuka. Sisi tuko chini ya nyumba yako. Mtaro tutachimba wenyewe. Tunaomba bomba liendelee hatua mia moja na kumi." Hatua alizipima kwa miguu yake mwenyewe, mara mbili.

Maombi yalipokelewa mara moja kwa mwaka, mwezi wa sita. Mkuu aliisoma mbele yangu. Juu ya meza yake palikuwa na kamusi ya Kiingereza nene kama tofali, na ndiyo sababu sisi wadogo tulimwita Kamusi, akiwa mbali. Akafungua, akapitisha kidole, akatabasamu kama mtu aliyepata mfupa kwenye mchuzi. Akaandika neno moja pembeni ya barua, kwa wino wa kijani, akalisoma kwa sauti ili karani wa taipu asikie: "Impracticable."

"Umelisikia, Tarishi?"

"Nimelisikia, mkuu."

"Hili haliandikwi na kila mtu."

Karani wa taipu, mama mmoja mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, akanieleza kwenye korido. "Ni kitu kisichofanyika, baba. Ukikijaribu, kinakugomea."

Nikaipeleka kwa shemeji. Akaiweka mbele ya kioo, kwa mazoea tu, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akachukua kipande cha mpira.

"Unachonga nini?" dada akamuuliza.

"Hili neno."

"La nini? Nani kaliagiza?"

"Hakuna. Nataka mkono wangu ulijue."

Akamaliza, akautia muhuri ule mpini wa mti, akauweka kwenye kopo la biskuti. Dada akalichukua lile kopo, akalisukuma uvunguni mwa kitanda kwa mguu.

Mwaka uliofuata nikapeleka barua ile ile. Kamusi akakuna kichwa. "Tarishi, mwaka jana niliwapa lipi?" Nikamtajia kwa matamshi yangu mabovu. Akacheka. "Basi tusirudie. Watu wataniona sina maneno." Akaandika Unworkable. Wa tatu ukawa Unfeasible. Wa nne Unviable, na yule mama wa taipu akasema hilo ni la kitu kisichoweza kuishi. Wa tano Futile, yaani kazi ya bure. Wa sita Untenable, la hoja isiyosimama. Kila mwaka neno, kila neno muhuri, na kila muhuri ukaenda koponi.

Wala hakuwahi kushuka hatua kumi aje kupaona. Sababu tuliijua wote pale ofisini: bomba likiendelea kwa wengine, maji ya maua yake yatapungua nguvu. Haikuhitaji kamusi kuieleza hiyo.

Mwaka wa saba sipendi kuusimulia, lakini bila huo hamtamwelewa dada. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza baada ya kungoja sana. Mwezi wa nne aliteleza akipanda na ndoo. Hakuanguka vibaya, alikaa tu chini, wenzake wakacheka naye akacheka. Usiku mimba ikatoka. Tukamzika yule mtoto. Mwezi wa sita nikapeleka barua, kwa sababu shemeji alisema tukiacha mwaka mmoja atadhani tumekubali. Kamusi akapekua, akaandika, akasema neno. Nikaenda kwa mama wa taipu kama kawaida. Akavua miwani.

"Dada yako ndiye yule aliyepata msiba?"

"Ndiye."

"Usimweleze hili."

"Lina maana gani?"

"Abortive. Ni jambo lililotoka kabla ya wakati wake. Kama mimba."

Kamusi hakujua. Nitamtendea haki hiyo moja: hakujua, kwa sababu hakuwa ameuliza lolote kuhusu watu wale kwa miaka saba. Mimi nikajaribu kumficha dada, lakini uongo haukai usoni mwangu. Akanibana mpaka nikasema. Hakulia. Alichukua lile kopo uvunguni, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akaliweka juu ya kabati, mahali pa kuonekana na kila aingiaye.

"Chonga vizuri hilo," akamwambia mumewe. "Chonga kwenda ndani. Lisifutike."

La nane likawa Hopeless. La tisa, mwaka wake wa mwisho kazini, hata kamusi hakuifungua. Aliandika Impossible, neno linalojulikana na kila mtoto wa shule, akanirushia karatasi huku anazungumza na simu. Shemeji aliumia kwa hilo kuliko yote. "Hata kutafuta amechoka," akasema. "Angalau zamani alikuwa anatutafutia."

Kamusi akastaafu, akapewa saa ya ukutani. Miaka mitatu ikapita. Tangi la kilimani likapasuka, bomba la juu likakauka, na mji ukajenga tangi jipya chini, upande wa soko, lenye pampu ya kusukuma maji mteremko mzima. Kazi ya kugawa ikaachiwa kamati za wakazi. Kamati yetu ilihitaji katibu mwenye mihuri. Mnamjua.

Bomba jipya likapanda, likafika kwenye safu ya vyumba sita, likakoma hapo. Kutoka hapo hadi geti la Kamusi ni hatua mia moja na kumi. Anayetaka maji alipaswa kuandika barua, kamati inakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na katibu anagonga muhuri.

Dada alikuwa anachambua mchele mimi nilipoleta habari kwamba Kamusi ameulizia wapi barua zinapelekwa. Hakuinua kichwa.

"Dawa yake imeshachemka," akasema. "Sasa ni kuipoza tu, anywe."

Sitajifanya malaika. Mimi ni mtu wa polepole, sipendi kelele, nimeishi maisha yangu nikipisha watu mlangoni. Lakini Jumamosi ile niliamka mapema, nikavaa shati la sikukuu, nikaenda kukaa kwenye benchi la kamati kama mtu aliyealikwa harusini.

Kamusi akaja na fimbo na koti. Barua yake ilikuwa kurasa tatu. Wajumbe wanne wakatazama dari, maana wote walikunywa maji ya ndoo miaka ile. Shemeji akafungua kopo, akatoa muhuri wa kwanza, akaupulizia, akagonga. Kamusi akasoma, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Impracticable! Jamani! Nani kawafundisha neno zuri hivi?"

"Mwalimu mmoja," shemeji akasema. "Alikuwa mkali lakini hakurudia somo."

"Sawa, sawa. Ila hapa halifai. Bomba liko hapo tu."

"Rudi mwezi ujao, mzee."

Mwezi wa pili akapata la pili, hakucheka. Mwezi wa tatu akakunja uso kama anayesikia wimbo bila kukumbuka aliusikia wapi. Mwezi wa nne akaja na kamusi yake kwapani, akaibwaga mezani mpaka chupa ya wino ikaruka.

"Unviable! Mnaligonga tu, hamjui maana yake!"

"Tunaijua, mkuu," shemeji akasema kwa upole.

"Haya, nieleze. Maana yake nini?"

"Maana yake ni ndoo."

Mjumbe mmoja akatoka nje kukohoa, na kikohozi chake tulikisikia kinacheka. Kamusi akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi, macho yake yakasimama.

"Wewe si tarishi wangu?"

"Nilikuwa, mkuu."

"Na haya ni maneno yangu."

"Tumeyatunza," shemeji akasema. "Hakuna hata moja lililopotea."

Hapo akajua tunafanya nini. Kwa nini, hilo bado. Angeweza kwenda kushtaki kwa wakubwa wa mji, lakini barua zile tisa zenye wino wa kijani zilikuwa bado zipo, tena katika bahasha safi, na shemeji alimwonyesha kona ya bahasha tu. Kamusi akashika fimbo yake akaondoka.

Mwezi wa tano nikaona kitu kilichonipunguzia utamu. Mke wa Kamusi, mama wa miaka sitini na ushei, alikuwa anapanda mteremko na ndoo kichwani, taratibu, mkono mmoja ukishika goti. Shemeji naye alimwona. Jioni akamwambia dada, "Labda tumwachie hapa. Matano yanatosha."

"Umefika la ngapi?"

"La tano."

"Mimi nilifika tisa." Akaendelea kukunja nguo. Lakini niliona amekunja nguo moja mara tatu.

Mwezi wa saba dada mwenyewe akaja kwenye kamati. Hakuwa mjumbe. Akasimama kando ya mumewe, akanyoosha mkono. "Hili nitagonga mimi."

Akaupaka muhuri wino kwa utaratibu, pembe zote, akagonga. Akaigeuza karatasi, akaisukuma mbele ya Kamusi. Kamusi akasoma Abortive, akamtazama yule mwanamke.

"Nilikukosea nini, mama?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaulize kamusi," dada akasema. "Ukurasa unaujua."

Sijui kama aliuliza. Alirudi mwezi wa nane na wa tisa, akapokea mawili yaliyobaki kama mtu anayepokea vidonge. Kopo likaisha. Mimi nikadhani hadithi imeisha nalo, na usiku ule nililala usingizi mzito wa mtu aliyeshiba.

Mwezi wa kumi hakuja. Alikuja mkewe, tena wala si kwenye kamati, bali nyumbani. Alitua ndoo mlangoni pa dada, akaketi kwenye kizingiti kwa kuwa pumzi ilimwishia, akatoa barua kifuani. Shemeji na mimi tulikuwa ndani tunacheza bao.

"Mume wangu kanituma," akasema. "Amesema mkimwona mwanamke mtaona haya."

"Haya ya nini?" dada akamjibu. "Karibu ndani. Hiyo ndoo, unabeba wewe?"

"Nani mwingine?"

"Yeye mkono umevunjika?"

"Mkono wake ni wa kalamu, mwenzangu. Haujawahi kushika ndoo. Miezi kumi hii anakaa barazani, mimi nikipita na maji ananiambia leo umechelewa."

Dada akakaa chini. Nikamwona anafanya hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa chungu. Kipigo kile chote cha miezi kumi kilikuwa kimetua shingoni mwa huyu mama, na yule tuliyemlenga alikuwa amekaa kivulini na gazeti.

"Siku moja unapanda mara ngapi?" dada akauliza.

"Nne. Akitaka kuoga mara mbili, tano."

"Mimi nilikuwa nne." Wakatazamana. Kisha dada akamgeukia mumewe. "Mpe."

Shemeji akafungua kopo, akakuna shavu. "Nimpe nini? Humu hamna neno la kumpa."

Ikabidi achonge. Tulikaa wote wanne, yule mama anakunywa maji ya bomba letu glasi mbili, na Kinyume anachonga neno ambalo hakuwahi kuagizwa maishani mwake. Alilichonga kwa Kiswahili: IMEKUBALIWA. Mara mbili wembe ulimponyoka. Alisema mkono wake haulijui.

Kabla hajagonga, dada akamshika kifundo cha mkono. "Ngoja. Jina la mwombaji ni la nani?"

"La mume wangu."

"Lifute. Andika lako. Kamati inatambua mwenye jina. Bomba litakaa uani, upande wa jiko lako, lina kofuli, na ufunguo unauvaa wewe shingoni. Akitaka maji ya kuoga, akuandikie barua."

Yule mama akamtazama kama mtu aliyesikia utani kanisani. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu, huku shemeji akibadilisha jina na kugonga muhuri.

"Barua?"

"Barua. Kurasa anazijua. Na ukimjibu," dada akasema, akimwekea lile kopo mapajani, lenye mihuri yote kumi, "mjibu kwa Kiingereza."

Shemeji akamfundisha maneno yale pale pale, moja baada ya jingine, naye na dada wakawa wanayarudia kama watoto wa darasa la kwanza. Walipofika la saba dada akalitoa, akalitia mfukoni mwake. "Hili ni langu," akasema. Yule mama hakuuliza. Ile ndoo hakuipandisha tena kichwani, maana niliibeba mimi hadi kwake.

Bomba likafika wiki ile ile. Mtaro Kamusi aliulipia kwa jasho la wengine, kama kawaida yake, lakini ufunguo haukuwa wake. Nilipita pale mara nyingi kwa visingizio. Nilimwona barazani, karatasi juu ya goti, ile kalamu ya wino wa kijani mkononi, anatafuta maneno. Ndoo tupu iko kando ya kiti chake. Na siku moja, wallahi, nilimwona anateremka kwenda sokoni na ile ndoo, bila koti. Nilisimama nikatazama mpaka akapotea kwenye kona, na nikarudi nyumbani kula kwa hamu.

Kamusi ameshafariki, na shemeji yangu Kinyume alimfuata kabla mwaka haujaisha. Wembe wake ninao mimi. Dada anatembea kwa mkongojo, na kila Ijumaa anapanda polepole kwenda kwa yule mama, wanakaa uani karibu na bomba. Nikitokea wananyamaza. Kopo liko dirishani, nimeliona, na ufunguo bado uko shingoni ingawa hakuna tena wa kumfungia.

Nimemuuliza dada, akaniambia nimwagie maua maji. Nimemuuliza yule mama mwenyewe, mara mbili, akafungua bomba kwa nguvu hadi sauti yangu ikapotea. Nilichotaka kujua ni kidogo tu: katika barua zote zile ambazo Kamusi alimwandikia mkewe, kuna hata moja iliyogongwa ule muhuri wa kumi?